Data Wacu na Theluji

Filamu za Noeli nazijua kabla hazijaanza. Nionyeshe jalada tu, nitakusimulia zilizobaki. Kuna mwanamume wa suti ambaye simu haimtoki sikioni. Kuna mke mrembo anayekanda unga bila kuchafuka hata kidole. Kuna watoto wawili, mmoja mpole na mmoja mtundu, na mbwa, na bibi aliyepewa maneno mawili ya kuchekesha asije akalala. Mwanamume amesahau nyumba yake mwaka mzima. Theluji inaanguka, ndege zinakwama, na mwishoni kabisa anagonga mlango, watoto wanapiga kelele "Daddy!", mbwa anabweka, na kila mtu anamsamehe. Mimi nilikulia Bukoba, na filamu tulizozipenda kule mkosaji alipigwa mpaka filamu ilipokwisha. Hizi za mtu kutakaswa na theluji zinanipandisha hasira.

Hata hivyo kila Noeli naenda kuitazama mojawapo, na wa kulaumiwa ni Mzee Nasiri.

Mzee Nasiri ni jirani yetu hapa Nyamirambo, mjini Kigali. Zamani, kabla filamu hazijahamia kwenye simu, alikuwa na chumba cha video, na kazi yake ilikuwa kusobanura. Alisimama kando ya televisheni na kuigeuza filamu ya Kiingereza au ya Kihindi ikawa ya kwetu, papo hapo, kwa Kiswahili chake kilichotiwa Kinyarwanda, yeye peke yake akiwa baba, mama, polisi, jambazi na mlango unaofungwa. Filamu ya namna hiyo tunaiita agasobanuye. Vijana wa leo wanazirekodi studio na kuziuza kwenye flashi. Mzee Nasiri hajawahi kurekodi. Anasema maneno ni kama chai, ukiyaweka yanapoa.

Chumba kile siku hizi ni saluni ya kunyolea ya mwanawe, Shafiq. Lakini mchana wa Noeli viti vinasukumwa ukutani, vioo vinageuzwa, madirisha yanafunikwa kwa vitenge, na Mzee Nasiri, mtu wa swala tano, anatusobanulia Wakristo filamu ya Noeli. Idi sisi tunakwenda kula pilau kwake. Ndivyo tunavyoishi.

Ana desturi zake. Wahusika hawapi majina yao, anawapa ya majirani, na ole wako kama umegombana naye karibuni, maana utakuwa mwizi. Na watu wa kwenye filamu wakianza kubusiana, anavua kofia yake na kuifunika televisheni mpaka wamalize. Watoto wanapiga makofi kofia ikiwa juu, na wakubwa wanajifanya wanatafuta kitu sakafuni.

Mwaka huu nilitamani nisiende. Asubuhi mume wangu Valens, dereva wa lori la Dar es Salaam, alinipigia simu akiwa kando ya barabara karibu na Kahama. Giaboksi ilikuwa imekufa. Fundi alikuwa amekwenda mjini kutafuta kipuri, na siku ya Noeli nani angemfungulia duka? Hakuhitaji kuendelea. Nilikaa na simu mkononi hata baada ya yeye kukata.

Si mimi niliyejihurumia. Mke wa dereva huolewa na barabara pia, hilo nililijua tangu mwanzo. Shida ilikuwa binti yetu Ihirwe, wa darasa la nne. Noeli iliyopita Valens alimwahidi atafika, mzigo ukachelewa bandarini, hakufika. Ihirwe hakulia. Aliacha tu kuongea naye. Baba akipiga, mtoto anatoka nje. Ilikwenda hivyo mpaka karibu na Pasaka. Nilimsikia mume wangu, mtu anayevuta tani na tani kutoka baharini hadi huku milimani, akiniomba niiweke simu dirishani amsikie mtoto akicheza na wenzake. Nikaiweka. Sitaki kuiweka tena.

Safari hii Ihirwe alikuwa amemwambia, "Papa, ukisema unakuja, uje." Naye akasema anakuja.

Basi pale nilipokuwa, mtoto ameshavaa gauni lake la njano, kila lori linapokoroma mlimani anakimbilia getini, na mimi najua lisiloweza kufichwa muda mrefu. Nilijiambia nitamwambia akimaliza chai. Chai ikaisha. Nikajiambia baada ya misa, na misa ikaisha pia. Nilisugua sufuria moja asubuhi nzima mpaka ikabaki kidogo itoboke.

Mchana nikamtangulia Ihirwe, nikaenda saluni kuuliza filamu ni ipi. Shafiq akanionyesha jalada kwenye kompyuta yake. Suti, sanduku, theluji, mlango wenye taji la majani, na nyuma ya dirisha watoto wawili wamebandika pua kwenye kioo wakimsubiri baba yao. Nikamwambia Mzee Nasiri aibadilishe, atuwekee ya ngumi. Akasema watu wameomba ya Noeli, na Noeli ni Noeli. Nikamwambia basi ya wanyama. Akasema hana. Hapo nikamweleza habari ya Kahama, na ya mtoto, na ya simu ya dirishani, na nadhani sauti yangu ilipanda, maana Shafiq alitoka nje kana kwamba ameitwa.

Mzee Nasiri alifuta miwani yake kwa pindo la kanzu, taratibu, kama mtu mwenye mwaka mzima mbele yake.

"Mama Ihirwe," akasema, "ile iko picha tu. Filamu ni mimi. Mulete mutoto."

Niliona ni majivuno ya uzeeni. Ningekuwa na la kufanya ningembakiza Ihirwe nyumbani, lakini yeye mwenyewe alikuwa ameshaamua kwamba tumsubiri Papa pale saluni, kwa sababu iko kandokando ya barabara na lori lake lazima lipite. Alikaa kiti cha mwisho, karibu na mlango. Mimi nikakaa ubavuni pake nikiwa na maneno yangu ya kumtuliza yamepangwa kama vitambaa vya dukani, na yote hayakuwa na rangi.

Filamu ikaanza kama nilivyotabiri. Jiji la vioo, suti, simu. Mwanamume anamfokea mtu kuhusu mkataba. Mzee Nasiri akasafisha koo.

"Hii mutu ya suti munayoona," akasema, "watu wengi watafikiri iko baba wa nyumba. Hapana. Huyu ni data wacu."

Kwa asiyejua Kinyarwanda, data ni baba yangu. Ndugu ya baba yangu naye ni data wacu, yaani baba yetu, maana kwetu ndugu wa baba si mtu wa pembeni, ni baba mwingine. Waswahili wanasema baba mdogo. Wazungu wana neno lao ambalo halina baba ndani yake.

Mzee Théoneste, aliyekulia Bujumbura na anayependa kuuliza, akauliza baba mwenyewe yuko wapi sasa.

"Baba iko barabarani," akajibu Mzee Nasiri bila kugeuka. "Ni shoferi. Anabeba ngano, rori kubwa sana. Hamutamuona hata kidogo. Kamera haiwezi kumufikia huko iko."

Niliitazama televisheni, nikamtazama mzee, ndipo nikaelewa anataka kufanya nini, na nikaona pia kwamba haiwezekani. Filamu nzima ni ya baba huyo mmoja! Kila tukio linamhusu, kila mtu anamtaja. Ilikuwa kama mtu kutuambia atautoa mfupa ndani ya samaki mzima bila kumpasua.

Sasa nisikilize, maana hili nitalisimulia mpaka nizeeke. Mimi Kiingereza nakisikia, kwa hiyo nilitazama filamu mbili kwa wakati mmoja, moja ya kipuuzi ikitoka kwenye spika na nyingine ikitoka kinywani mwa Mzee Nasiri. Bosi akamwambia mwanamume kwamba asipobaki kazini leo atafukuzwa. Mzee Nasiri akasema bosi anamuuliza, kaka yako gari imekufa njiani, nani ataenda kwa watoto? Mwanamume akashika kichwa, na kichwa kikashikika vizuri zaidi kwa sababu ile kuliko kwa ya mkataba. Maneno ya mzee yalianza midomo ilipofunguka na kuisha ilipofungwa. Mwanamume alipompigia mkewe kumdanganya kuhusu kikao, Mzee Nasiri akamfanya shemeji anayeuliza watoto wanavaa viatu namba ngapi. Mke akakasirika akakata simu. Mzee hakubabaika hata kidogo.

"Amekasirika," akasema, "sababu shemeji mwaka jana alileta viatu ndogo."

Saluni nzima ikacheka. Hata mimi nilicheka, na nilikuwa nimekwenda pale na moyo uliokunjwa.

Theluji ilipoanza, akaeleza kwamba hiyo nyeupe ni mvua ya mawe ya kule, ila ya kwao imesagwa, na kwamba rori la ngano haliwezi kupita. Hata dereva hodari, akasema, hata yule anayejua kila kona, barabara ikikataa imekataa. Nilimtupia Ihirwe jicho la pembeni. Alikuwa ameegemea mbele, mikono kati ya magoti, anamtazama Mzee Nasiri na si televisheni. Malori mawili yalipita nje na hakugeuka.

Halafu likaja tukio la jikoni. Katika filamu ya spika, mke alikuwa analia kwenye sinki kwa sababu mume amesahau siku waliyokutana, upuuzi mtupu. Mzee Nasiri alishusha sauti.

"Mama huyu anajua bwana yake hatafika. Hajaambia watoto. Anaosha sahani ambayo imeshatakata."

Niliinamisha kichwa. Sikuwa nimemwambia mtu habari za sufuria. Nililia kidogo, gizani, na sikuona haya, kwa sababu kwa mara ya kwanza siku ile mtu alikuwa ameniona.

Wakafika mezani. Meza ya Noeli, mishumaa, bata mzinga, na kiti kimoja kitupu chenye sahani mbele yake. Mtengenezaji wa filamu alikiweka ili tumchukie baba. Mzee Théoneste akasema kwa sauti ya mtu aliyeshiba kwamba asiyekuwepo na lake halipo.

"Hiyo methali iko ya wachoyo," Mzee Nasiri akamjibu. "Hiyo sahani ni ya nani? Ni ya baba. Asiyekuwepo na lake lipo. Wanamuwekea, wanafunika. Akifika saa ile atafika, anakula."

Sijui watu wa kwenye filamu walikuwa wanasema nini wakati huo. Sikusikiliza tena spika.

Nilijua hata hivyo kwamba mlango unakuja. Filamu hizi zote zinakwenda mlangoni. Suti ikapita kwenye theluji, sanduku likavunjika gurudumu, mbwa akainua masikio. Mzee Nasiri alikuwa akimleta data wacu vizuri, ametumwa na kaka yake, amebeba viatu, safari hii vikubwa. Mlango ukagongwa. Watoto wakakimbia, na wote wawili, kwa sauti iliyozidi spika za Shafiq, wakapiga kelele: "Daddy! Daddy!"

Neno hilo nani asiyelijua Kigali?

"Si wamesema daddy?" akauliza Mzee Théoneste. "Huyo ni baba yao, bwana. Amefika."

Mtu mwingine akasema ndiyo, ni baba, ndiyo maana analia. Mzee Nasiri akafungua kinywa. Sikuwahi kumwona amekosa neno, tangu nihamie mtaa huu. Kofia yake ilikuwa imeinama upande mmoja, kidole kimenyooka kuelekea kwenye televisheni, na hakuna kilichotoka. Kwenye picha baba wa kizungu aliwakumbatia wanawe na spika ikasema kwa Kiingereza safi kwamba baba yenu amerudi nyumbani. Nikamshika Ihirwe bega. Nilikuwa naanza kuinuka nimtoe nje.

Akaliondoa bega lake, si kwa hasira. Akasimama juu ya kiti ili aonekane.

"Kwani data wacu si data?" akamuuliza Mzee Théoneste. "Kule kwao wote wanaitwa daddy. Hawana jina lingine. Mzee Nasiri iko sawa."

Alisema kwa ile sauti ya shuleni ya mtoto anayejua jibu. Mzee Théoneste, ambaye neno lake la Kiingereza ni hilo hilo moja, akatikisa kichwa na kusema maskini, watu hawana hata jina la baba mdogo. Watu wakacheka, wakakubali. Mzee Nasiri alimtazama Ihirwe juu ya vichwa vyetu, muda wa pumzi moja tu. Kisha sauti ikarudi.

"Ndiyo. Ni hivyo. Mutoto amewaelezea."

Hapo mke wa kwenye filamu akamkimbilia yule mwanamume akambusu mdomoni. Shemeji yake! Sijaona kofia ikivuliwa kwa kasi ile. Mzee Nasiri aliibandika kwenye kioo cha televisheni kwa mikono yote miwili, kanzu yake ikaficha pia nusu ya mti wa Noeli, na hakuitoa mpaka majina yalipoanza kupanda. Watoto walipiga makofi mpaka Shafiq akatoa vitenge madirishani.

Tulitoka jua likiwa bado juu ya mlima Kigali. Nilipompa mkono Mzee Nasiri nikamwambia ahsante. Alikuwa ameloa jasho kama mtu aliyetoka kulima.

Tulipanda njia yetu. Nilikuwa bado natafuta pa kuanzia, na Ihirwe akanipunguzia kazi.

"Papa hafiki leo," akasema. Halikuwa swali.

Nikamuuliza nani amemwambia. Akasema hakuna. Tangu mwanzo kabisa yule mtu wa suti aliongea kwenye simu akasema "mke wangu na wanangu", na Mzee Nasiri akasema data wacu. Akajua mzee anadanganya. Na mzee hadanganyi bure, akasema, kwa hiyo akasikiliza ili ajue kwa nini. Ilipofika kwa shoferi wa rori alishajua.

Ndipo nilipokumbuka kitu ambacho mama mwenye akili timamu hasahau. Mtoto wangu anasoma kwa Kiingereza. Kila jioni mimi ndiye ninayemwambia asome kwa sauti, asimeze maneno. Mimi na Mzee Nasiri, watu wazima wawili, tulijifunga vibwebwe kumficha jambo lililokuwa likitangazwa kwa spika katika lugha anayoijua kutushinda.

Nikamwambia, basi lile ulilosema pale, kwamba hawana jina lingine.

"Wanalo," akasema. "Ni anko. Lakini Mzee Nasiri alikuwa ameshafika karibu na mwisho. Ingekuwa vibaya imharibikie pale."

Tulipokaribia getini akaongeza kwamba ile ya Kiingereza ilikuwa mbaya. Mtu haji mwaka mzima, halafu akigonga mlango mara moja wanamsamehe, hata sababu hajasema. Ya Mzee Nasiri angalau ilikuwa na sababu. Nikacheka peke yangu njiani, maana nilisikia hasira yangu ya Bukoba ikizungumza kutoka ndani ya gauni la njano. Lakini moyo ulikuwa bado juu. Filamu ni filamu. Simu ilikuwa haijalia.

Nyumbani nikapakua chakula. Ihirwe hakukaa. Alichukua sahani ya tatu, akapakua mwenyewe, polepole, akiangalia isombe, yale majani ya muhogo, isigusane na wali kwa sababu baba yake hapendi. Akafunika kwa sahani nyingine akaiweka mahali pa Valens.

Simu ikalia tukiwa mezani. Jina lake likawaka pale, kati ya chumvi na jagi la maji. Nilinyoosha mkono, na nilikuwa nikitazama mlango, kwa sababu mlangoni ndiko mtoto huyu anakokwenda simu hiyo ikilia. Mkono wake ukanitangulia.

"Papa," akasema. "Tumetazama filamu."

Akamsimulia yote, spika ikiwa imefunguliwa na mimi nikisikia. Data wacu, viatu vidogo, mvua ya mawe iliyosagwa, rori la ngano. Valens alicheka mahali pa viatu. Nyuma yake magari yalikuwa yanapita kwa kasi, huko Kahama. Mwishowe akauliza, kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayejaribu breki kwenye mteremko, yule baba mwenyewe, yule shoferi, alifika?

"Filamu imeisha iko bado njiani," Ihirwe akasema. "Lakini walimuwekea sahani yake. Wakafunika."

Kisha Valens akauliza, kwa sauti ambayo nimeisikia mara chache tangu tuoane, kwenye sahani hiyo kulikuwa na nini.

Ihirwe akahamishia simu mkono wa kushoto, akainua sahani ya juu, akachungulia ndani, akaanza kumtajia.